Maswali ya Wasomaji: Trekta Dogo Halina Injini, Nilipe Kiasi Gani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: trekta dogo linauzwa, bei inavutia, ila injini haipo. Tumechagua nne. Bei zilizomo ni zile walizotaja wenye barua au za mfano tu. Kwako namba zitakuwa nyingine, lakini hesabu ni ileile.

*

Shikamooni wahariri. Nalima mpunga Rujewa, Mbarali. Kuna mzee anauza pawatila (trekta la mkono la magurudumu mawili) ya Kichina, aina ya Dongfeng ya nguvu farasi 12, ina rotaveta (kifaa cha nyuma chenye visu vya kutifua udongo) na matairi yake ila haina injini. Anasema injini aliihamishia kwenye mashine ya kukoboa. Anataka milioni 1.6. Huku pawatila mtumba ya aina hiyo, nzima na inalima, inauzwa milioni 3.6, na injini mtumba yenye puli yake nimeambiwa milioni 1.2. Nilipoichungulia niliona mafuta yamevuja upande wa tairi la kushoto na visu viwili vya rotaveta havipo. Bei hiyo ni halali?
— Mkulima, Rujewa

Marahaba. Kwa namba ulizotupa, usivuke milioni 1.1, na uanze kutaja bei chini ya hapo. Tukueleze tumefikaje.

Kukosa injini peke yake si dalili mbaya kwa pawatila ya aina hii. Injini yake ya silinda moja inakaa juu ya reli mbili za chasisi, imefungwa kwa bolti nne, na nguvu inaifikia giaboksi kwa mikanda. Fundi akilegeza bolti hizo na kuvua mikanda, injini imeshatoka, na kesho yake inakoboa mpunga au inavuta maji. Ndiyo maana utakuta mwili wa pawatila umeachwa chini ya mwembe na injini yake inanguruma mtaa wa pili. Ila kama mzee anasema iko kwenye mashine ya kukoboa, nenda ukaione. Vuta kijiti cha oili. Mtu anayeiendesha injini kwa oili nzito kama lami hajawahi kubadilisha oili ya giaboksi, na giaboksi ndiyo unayoinunua wewe.

Sasa hesabu. Kosa la kawaida ni kuanza na bei ya muuzaji halafu kubembeleza apunguze. Anza na bei ya pawatila nzima inayolima leo, halafu toa kila kitu kitakachohitajika kuifikisha hii hapo. Kinachobaki ndicho kikomo chako.

Milioni 3.6, toa injini ya milioni 1.2, zinabaki milioni 2.4. Lakini injini haikuondoka peke yake. Mara nyingi huondoka na mikanda, bolti na vibao vyake, kinga ya mikanda na waya wa kuongezea mafuta. Tuseme mikanda mitatu sh. 75,000, bolti na vibao 30,000, waya 20,000, oili ya giaboksi 60,000, fundi wa kufunga na kunyoosha puli 80,000, na usafiri wa mwili pamoja na injini 100,000. Jumla 365,000. Kisha ubovu ulioushuhudia mwenyewe: sili na beringi ya ekseli ya kushoto 90,000, na visu. Usinunue visu viwili tu. Rotaveta ya visu 16 ikiwa na vipya viwili kati ya vilivyolika hukata ardhi kwa kuruka, na mtikisiko unaishia kwenye beringi za rotaveta. Visu 16 kwa sh. 7,000 kimoja ni 112,000. Hapo umebaki na sh. 1,833,000.

Wengi huishia hapo na kuona milioni 1.6 ni nafuu. Sivyo. Yule wa milioni 3.6 anaiwasha mbele yako, anaiingiza jarubani, na unaiona ikilima. Huyu anakuuzia giaboksi isiyoweza kupimwa kwa mzigo, nawe utaifungia injini mtumba ambayo nayo huijui vizuri. Hatari hiyo lazima ilipwe, na anayeilipa ni muuzaji. Sisi hutoa asilimia 20 ya bei ya iliyo nzima, hapa sh. 720,000. Inabaki sh. 1,113,000. Ukiikagua kwa utaratibu ulio hapa chini na kila kitu kikawa safi, shusha makato ya hatari hadi asilimia 10, na kikomo kinapanda hadi sh. 1,473,000. Hata hapo, milioni 1.6 bado iko juu.

Jua pia chini yake kuna nini. Hakuna muuzaji atakayeshuka chini ya thamani ya chuma chakavu. Kama mwili na rotaveta ni kilo 220 na kilo ni sh. 800, hiyo ni 176,000. Juu ya hapo kuna thamani ya kuuza vipande: matairi mawili ya saizi 6.00-12 yenye kashata nzuri, rimu, rotaveta, klachi. Jumlisha vipande hivyo kwa bei za mafundi wa Rujewa au Igurusi, utapata sakafu halisi ya mazungumzo. Bei halali iko kati ya sakafu hiyo na kikomo chako.

Ukaguzi unataka watu wawili na saa moja hivi. Beba jeki, magogo mawili, spana, sumaku, kopo safi na mkanda mmoja mpya wa saizi yake. Mkanda huo omba kwa muuza spea kwa makubaliano ya kuurudisha.

Anza na oili ya giaboksi, na uombe pawatila isisogezwe tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Weka kopo chini, legeza plagi ya kumwagia polepole bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo, yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameshachanganyika nayo, na kwa pawatila za mpunga hili ni jambo la kila siku, maana ekseli hushinda ndani ya tope. Maji kidogo bila kutu ndani ni kazi ya sili na kubadilisha oili. Maji ya muda mrefu yameshakula beringi. Pitisha sumaku kwenye oili iliyotoka. Unga laini mweusi, kama masizi, ni ulaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia, na hapo ni heri uondoke, au ulipe bei ya vipande tu.

Kisha inua magurudumu yote mawili juu ya magogo. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi imekwisha. Upande wa kushoto ulikoona mafuta, futa pale ekseli inapotokea, kisha pitisha ukucha juu ya shafti mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mtaro, mchanga wa tope umeshaichonga shafti. Hapo sili mpya itavuja tena baada ya wiki chache, kwa sababu mdomo wake hauna pa kubana. Shafti itahitaji kuvalishwa bushi na fundi wa lezi au kubadilishwa, na sh. 90,000 tulizoweka hazitatosha. Hiki ndicho kipimo kinachoweza kubadilisha bei yako kuliko vyote, na kinachukua dakika mbili.

Zamu ya gia. Sukuma mkono wa klachi kwenye nafasi ya kushika, weka gia ya kwanza, na uzungushe puli ya klachi kwa mkono. Magurudumu yazunguke taratibu na kwa usawa. Ukisikia mgoto mmoja unaorudi kila baada ya mzunguko, kuna jino lililokatika. Rudia kwa gia zote 6 za mbele na 2 za nyuma. Usiruke hata moja, kwa sababu gia ya kulimia ndiyo hufa kwanza na ya barabarani hubaki nzima. Kisha mwenzako alishike tairi kwa nguvu nawe ukaze puli. Gia ikichomoka yenyewe, uma wa kubadilishia au meno ya kuunganishia yamelika. Ikichomoka mkononi, jarubani haitakaa hata hatua kumi.

Rudisha mkono wa klachi nafasi ya kati. Puli inapaswa kuzunguka huru na magurudumu yatulie. Yakifuata, sahani za klachi zimegandana kwa kutu, jambo linalotokea sana kwa mwili uliokaa nje masika nzima. Uvute hadi mwisho, breki inapaswa kushika.

Baada ya hapo, klachi za kukatia kona, zile za chini ya mikono miwili ya usukani. Gia ikiwa imeingia na puli inazungushwa, bana ya kushoto: gurudumu la kushoto lisimame, la kulia liendelee. Achia: lazima irudi na kushika yenyewe kwa mlio mfupi. Isiporudi, springi imechoka au makucha yamelika, na kuyafikia ni kufungua giaboksi ya chini yote.

Puli ya klachi iangalie kwa karibu. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Laza ule mkanda mpya kwenye mfereji: mgongo wake ulingane na ukingo wa puli au uzidi kidogo. Ukizama, na chini ya mfereji kunang'aa kama kioo, mkanda umekuwa ukikalia tumbo na kuteleza. Puli hiyo itakula mikanda mipya kila msimu. Ongeza bei yake kwenye makato.

Mwisho, reli za chasisi. Kagua zinapoungana na giaboksi, na matundu ya bolti za injini. Tundu lililorefuka kama yai linasema injini ilifanya kazi ikiwa imelegea. Alama ya kuchomelea si tatizo ikiwa reli zimebaki sambamba. Pima umbali kati yake mbele na nyuma kwa futi. Rangi mpya juu ya reli tu, huku pengine pote ni ya zamani, ikuna kwa bisibisi uone kuna nini chini.

Na kama unaweza kusubiri, nunua watu wakishamaliza kuvuruga majaruba. Wakati huo mwenye mwili usio na injini hana mteja mwingine, nawe utakuwa na miezi ya kutafuta injini bila haraka.

*

Hamjambo. Mimi ni mkulima wa Mwea. Nimeshanunua pawatila ya farasi 12 bila injini. Fundi anashauri nifunge injini ya farasi 22 badala ya 12, anasema tofauti ya bei si kubwa na itavuta tela la mpunga bila shida. Nimsikilize?
— Msomaji, Mwea, Kenya

Hatujambo. Usimsikilize kwa hilo.

Namba zilizo kwenye injini hizi za Kichina zinasomeka hivi: 195 ni silinda 1 yenye kipenyo cha milimita 95, 1100 ni silinda 1 ya milimita 100, na 1115 ni silinda 1 ya milimita 115. Ya kwanza ni farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Ya mwisho ni kama farasi 22 kwa mizunguko 2200. Tazama nguvu ya kusokota inayofika kwenye puli: 195 inatoa karibu niutoni-mita 42, ile ya 1115 inatoa karibu 70. Giaboksi yako iliundwa kwa 42. Klachi itaanza kuteleza na kuungua. Ukiikaza isiteleze, mzigo unahamia kwenye meno ya gia, na hayo hayatoi harufu ya kukuonya kabla ya kukatika.

Kuna na uzito. 195 ina kilo 140 hadi 150 hivi, 1115 inakaribia 190. Injini iko mbele ya ekseli, kwa hiyo kilo 40 zaidi zinaiinamisha pua. Ukiwa na rotaveta nyuma hutalihisi sana, ila ukiivua utabebeshwa mikono siku nzima, na kwenye tope pua itazama.

Ukitaka nguvu zaidi kidogo, chukua 1100, ambayo ni farasi 15 hadi 16. Hiyo nayo huzunguka 2200, wakati puli ya mwili wako ilipigiwa hesabu ya 2000, kwa hiyo kila kitu kitakwenda haraka kwa asilimia 10, rotaveta ikiwemo. Unaweza kubadilisha puli ya injini: kama ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 130, mpya iwe 130 mara 2000 gawanya kwa 2200, yaani 118. Njia tunayoipenda zaidi ni kuiacha puli ya 130 na kumwambia fundi aweke gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) isivuke 2000. Injini itakuwa na akiba ya nguvu, itatumia dizeli kidogo, na mikanda haitapindwa kwenye puli ndogo.

Wakati wa kufunga, hakikisha inazunguka upande uleule wa injini ya mwanzo. Kuna waliofunga injini ya aina nyingine wakabaki na gia 6 za kurudi nyuma na 2 za kwenda mbele. Weka ubao ulionyooka ukigusa uso wa puli ya injini na ya klachi kwa pamoja. Mwanga usipite popote. Kaza mikanda hadi ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba ishuke milimita 20 hadi 30. Badilisha yote mitatu kwa pamoja, hata kama mmoja unaonekana mzima. Wa zamani umeshatanuka, kwa hiyo ule mpya utabeba mzigo wa wenzake na kukatika wa kwanza.

Kuhusu tela, tahadhari moja. Kwenye mteremko mkali mzigo ndio unaosukuma, kwa hiyo ukibana klachi ya kona ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa na kukimbia, na pawatila inakata kulia. Watu wameumia kwa hili. Mteremkoni punguza mwendo, weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na uongoze kwa kusukuma mikono ya usukani tu.

*

Habari zenu. Ninaishi Des Moines, Iowa, na ninalima bustani ya mboga pamoja na ndugu wenzangu kutoka Burundi na Kongo. Kuna John Deere 318 bila injini, dola 450. Ina mashine ya kukatia nyasi chini yake. Nzima za aina hiyo naziona kwa dola 1,600 hivi. Hesabu ya pawatila inafaa huku pia?
— Msomaji, Iowa, Marekani

Inafaa, ila huko inaweza kutoa jibu chungu zaidi.

John Deere 318 ilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1992, na injini yake ilikuwa Onan ya silinda mbili zinazotazamana, farasi 18, ya kupozwa kwa hewa. Ni trekta la bustani kwelikweli, si kikata nyasi chenye kiti: lina usukani wa hidroliki na linainua vifaa kwa hidroliki. Kwa kuwa mwili unaishi muda mrefu kuliko injini, miili kama huo ni mingi sokoni, nawe kama mnunuzi uko upande wenye nguvu.

Tofauti kubwa na pawatila ni kwamba hapa hakuna gia za kujaribu kwa mkono. Mwendo wote unatoka kwenye pampu na mota ya mafuta ya hidroliki, na bila injini huwezi kujenga presha ya kuipima. Unachoweza kufanya ni kuangalia mafuta yake: yakinuka kuungua au yakiwa na povu la kahawia, hesabu kwamba mfumo umeumia. Geuza usukani uone kama pini zimelegea. Chungulia mitungi ya hidroliki kama inavuja. Zungusha magurudumu ya nyuma usikilize ekseli. Kwa yale usiyoweza kupima, usishushe makato ya hatari chini ya asilimia 20, hata muuzaji akiapa.

Uliza kwa jina vitu vilivyoondoka na injini: klachi ya umeme inayozungusha kikata nyasi, kiungo cha shafti inayopeleka nguvu nyuma, bomba la moshi, viti vya injini na nyaya. Klachi ya umeme pekee inaweza kula sehemu kubwa ya unafuu uliodhani umeupata. Tuseme umepata Onan mtumba iliyojaribiwa kwa dola 700, na vitu hivyo pamoja na oili ni dola 250. 1,600 toa 700 toa 250 ni 650, toa hatari ya asilimia 20, yaani 320, unabaki na dola 330. Hiyo ndiyo ya kumwambia, si 450.

Wengi hufikiria kuweka injini mpya ya aina nyingine, pamoja na seti ya vibao, nyaya na bomba la moshi. Inawezekana na inafanya kazi vizuri. Lakini piga hesabu kwanza. Injini mpya na seti yake vikifikia dola 1,600 au zaidi, mwili huo kwako una thamani sifuri kama chombo cha kulimia bustani, hata ukipewa bure, maana kwa pesa hiyo ungenunua nzima. Thamani inayobaki ni ya spea kwa mtu mwenye 318 nyingine.

Vifaa vyake vithamini peke yake. Kikata nyasi cha inchi 46 au 50 kisichotoboka kwa kutu, chenye spindo (shafti zinazobeba visu) zisizocheza, kina mnunuzi wake. Kama kuna na tila ya nyuma (kifaa cha kutifua udongo), kwenu wakulima wa mboga hiyo inaweza kuwa ya maana kuliko trekta lenyewe. Geuza kikata nyasi chali uangalie bati kwa chini, maana juu hupakwa rangi.

*

Ndugu wahariri, hapa Kilombero kuna pawatila ya kikundi, injini iliibwa zamani. Katibu wa kikundi yuko tayari kuniuzia mwili wake kwa bei ya chini sana. Kuna cha kuogopa?
— Msomaji, Ifakara

Kuna, na si cha ufundi. Baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali ya Tanzania wa kuinua kilimo, kuzinduliwa 2009, pawatila nyingi zilifikia vikundi vya wakulima kwa fedha za miradi, na baadhi zilikuwa na masharti ya mkopo au ya kutouzwa. Katibu peke yake hana uwezo wa kuuza mali ya kikundi. Ukinunua kwake, wanakikundi watakaporudi na muhtasari wao, pawatila itaondoka na pesa yako haitarudi.

Omba muhtasari wa kikao uliosainiwa na wanakikundi waliokubali kuuza, wenye bei na namba ya chasisi. Namba hiyo isome mwenyewe kwenye kibao au kwenye chuma, linganisha na karatasi. Kama kibao kimeng'olewa na matundu ya ribiti yamebaki wazi, acha. Mwone afisa kilimo wa kata, yeye hujua pawatila ipi ilitoka mradi upi na kama deni limekwisha. Kuhusu injini iliyoibwa, omba kuona taarifa iliyotolewa polisi wakati huo. Bila taarifa, hujui kama iliibwa au iliuzwa kimyakimya na mtu huyohuyo anayekuuzia mwili.

Mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na pesa ilipwe kwenye akaunti ya kikundi. Katibu akisema akaunti imefungwa na anataka taslimu mkononi, usitoe hata shilingi.

Bei ya chini sana nayo ipime kwa hesabu ya barua ya kwanza. Pawatila za wakati ule zilikuja za kampuni mbalimbali, na nyingine hazina tena muuza spea nchini. Kabla ya kutoa shilingi, peleka jina na modeli kwa wauza spea watatu Ifakara au Morogoro mjini, uulize vitu vitatu tu: sahani za klachi, sili za ekseli na visu. Wote watatu wakitikisa kichwa, mpe kikundi bei ya chuma chakavu na matairi, basi.